Mkate Uliorudi Mzima

Watalii huangalia kuta. Huyu Mama Hurshida wa Tashkent, tangu ashuke garini, alikuwa anaangalia miguu ya Ruhsora.

Ruhsora alisimama juu ya ukuta uliobomoka wa magofu ya Toprak-kala, upepo wa jangwani ukimvuta kitambaa cha kichwani, akaeleza kama anavyoeleza kila siku. Hapa palikuwa ukumbi wa mfalme, pale hekalu la moto, na kule chini mtaa wa watu wa kawaida, walioamka asubuhi wakagombana na wake zao kama sisi. Kwenye hilo la kugombana wageni hucheka. Mama Hurshida hakucheka. Alianza na raba za Ruhsora zilizojaa vumbi, akapanda polepole mpaka kiunoni, akatulia hapo kidogo, ndipo akafika usoni.

"Mwanangu," akasema, "kupanda vilima hivi kila siku, mgongo haukuumi?"

"Nimeshazoea, mama."

"Alhamdulillahi. Afya ni jambo kubwa." Akamgeukia mwanawe. "Umesikia, Bahrom? Haumwi mgongo."

Bahrom alikuwa daktari wa meno, mwanamume mrefu, mpole, mwenye miwani. Alikohoa, akaanza kulichunguza hekalu la moto kama mtu aliyeangusha kitu humo ndani.

Ruhsora akamtafuta Matnazar kwa macho. Ndivyo walivyozoea. Misimu mitatu wamefanya kazi pamoja, yeye akieleza na Matnazar akiendesha, na mgeni akileta kituko hutazamana mara moja tu, wakaelewana, kisha wakachekea garini wageni wakishashuka. Kabla Matnazar hajacheka, jicho lake la kushoto hubana kidogo. Ruhsora alilingoja jicho hilo kila siku ya kazi. Kwa ajili yake alishakataa kazi nzuri Samarkand, na hakumwambia mtu sababu.

Leo Matnazar hakumtazama. Alikuwa kule chini kando ya gari, anapangusa kioo alichokwisha kukipangusa.

Waliposhuka akawa ameshatandika kitambaa juu ya boneti, ameweka mkate, zabibu na chupa ya chai. Bahrom, katika kutaka kufanya la maana, akawahi chupa, akamtilia Ruhsora kibakuli cha chai mpaka juu, mpaka ikamwagikia kitambaani.

"Ee, Bahrom!" Mama yake akampiga kikofi mkononi. "Unamfukuza binti wa watu? Chai ya kujaa humpa mtu unayetaka ashike njia aende! Mgeni unayempenda unamtilia kidogo, amalize, umtilie tena, akae. Jitu zima na ndevu zake halijui kutia chai!"

"Mama, mimi najua kung'oa meno."

"Meno! Utaoa jino wewe?"

Ruhsora akacheka, cheko la kweli. Bahrom naye akacheka, uso umemwiva, akaimwaga chai nusu mchangani na kumpa tena kibakuli kwa mikono miwili. "Samahani, dada. Kaa nasi." Mtu mzuri huyu, Ruhsora aliwaza. Akamtazama tena Matnazar, kwa mazoea tu.

"Twende, mdogo wangu," Matnazar akasema akitazama funguo zake. "Jua linapanda."

Mdogo wangu. Msimu wa kwanza alikuwa akimwita Ruhsora, na alivyolitamka jina lile ungedhani ndiye aliyempa. Yakaja majira ya kuchipua ya mwaka juzi, yakapita, na tangu hapo imekuwa mdogo wangu, mdogo wangu, na Ruhsora hajui hata alimkosea nini.

Mahali pa mwongoza watalii ni mbele, karibu na dereva. Mama Hurshida akakataa. "Bahrom ana miguu mirefu, akae mbele. Wewe njoo huku nyuma kwangu, tuongee kike." Mapajani alipakata kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha hariri, na tangu asubuhi hakukiacha, hata kule kwenye magofu alipanda nacho. Kilikuwa kinanukia mkate.

Njia ikawatoa kwenye mashamba ya pamba, ikawaingiza mchangani. Miti mifupi ya sakisauli, mchanga, ngamia mmoja aliyesimama katikati ya barabara kwa kiburi mpaka Matnazar akampigia honi. Ruhsora alianza kueleza habari za ngome za jangwani, zilivyojengwa kwa udongo mtupu na bado zimesimama. Mama Hurshida alimsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza kama anasali. Akamuuliza marehemu baba yake alikuwa mtu wa kijiji gani. Akamuuliza kama meno hayo yote ni yake.

"Mama!" Bahrom akageuka.

"Nauliza kwa ajili yako, wewe si ndiye fundi?" Akamshika Ruhsora mkono, akaugeuza kiganja juu, akaupapasa kwa dole gumba. "Mkono wa kazi. Vizuri. Na hizo tuhum-barak zako, nasikia yai halivuji hata kidogo. Mimi nimepika unga miaka yote na zangu huvuja."

Ruhsora akauvuta mkono wake. Tuhum-barak, vile vifuko vya unga vinavyotiwa yai bichi na kuchemshwa hapo hapo, yeye hupika nyumbani kwao tu, Ijumaa, kwa ajili ya mama yake.

"Umesikia wapi, mama?"

Mama Hurshida akaanza kukaza fundo la kifurushi chake. Bahrom akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Ruhsora akainua macho kwenye kioo cha dereva. Macho ya Matnazar yalikuwa humo, yanamtazama, na yalipokutana na yake yakaanguka.

Kumbe na huyu anajua.

Pale Ayaz-kala, ngome ya juu imekaa kileleni, na chini yake kambi ya mahema ya manyoya ya kondoo, ambako wageni hula chakula cha mchana. Mama Hurshida aliutazama mlima, akayatazama magoti yake, akasema magofu ataamini kwa kusikia. Bahrom akaona bora akapige picha ngome ndogo ya upande wa pili, mbali na kila mtu. Maskini, alikuwa na haya kuliko bibi harusi.

"Kaka Matnazar," Ruhsora akaita, sauti tamu kabisa. "Nisindikize huko juu kidogo. Nataka kuona kama njia ya wageni wa kesho imebomoka."

Matnazar hakuwa mjinga. Alimfuata kimya, hatua mbili nyuma, mpaka wakaingia kwenye kile kijia kirefu kati ya kuta mbili za udongo, ambako upepo hausikiki. Ruhsora akageuka.

"Ulijua."

"Mdogo wangu..."

"Usiniite mdogo wangu! Mimi siyo mdogo wako. Ulijua?"

"Nilijua. Mama yako alinipigia simu juzi."

"Akasema nini?"

"Kwamba kuna watu wa heri wanakuja kukuangalia. Wamelipia ziara ya peke yao ili wakuone ukiwa kazini, bila kujua, usije ukajifanya. Aliniomba niendeshe taratibu, nisiwarushe kwenye mashimo."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikasema sawa."

"Ukasema sawa!" Ruhsora alicheka, lakini machozi yalishafika. "Ukanipakia garini kama mbuzi wa mnadani. Na kioo ukapangusa, wanione vizuri!"

"Ulitaka nimwambie nini, Ruhsora?"

Jina lilimtoka lenyewe. Wote wawili walilisikia. Ruhsora angeweza kulia kwa jina tu, lakini hasira ilikuwa mbele.

"Ungesema hapana! Ungesema tafuta dereva mwingine! Misimu mitatu namngoja mtu mmoja afungue mdomo. Nimekataa kazi, nimekataa wachumba, mama ananiita mgumba wa moyo, na mtu mwenyewe anapangusa kioo!"

Matnazar alimtazama kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua.

"Nifungue mdomo mara ngapi?" akauliza polepole. "Si ulishanijibu?"

"Nilikujibu lini?"

"Usinifanyie hivyo, tafadhali."

"Wallahi sijui unasema nini. Nilikujibu lini?"

"Mwaka juzi, majira ya kuchipua. Mama yangu alikuja kwenu na mkate."

Ruhsora akashika ukuta.

Kwao neno hilo halihitaji maelezo. Washenga huja na mkate. Wenye binti wakikubali, mkate unamegwa pale pale na binti ameshaposwa. Wakikataa, hakuna anayegombana wala kupandisha sauti. Mkate unafungwa tena kwenye kitambaa chake, unarudi ulikotoka.

"Aliukanda mwenyewe," Matnazar akasema. "Akaupamba kwa ufuta, akaufunga kwa kitambaa cha harusi yake. Mimi nilikaa garini mwisho wa mtaa wenu kama kijana wa shule. Akarudi nao mzima. Haujamegwa hata ukingo. Akasema mama yako amemwambia, binti nimemuuliza, na binti hataki."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Nukus, kwenye mafunzo."

"Hakuniuliza." Sauti ya Ruhsora ilikuwa ndogo. "Matnazar, hakuniuliza. Sijawahi kusikia habari za mkate huo mpaka sasa hivi, naapa."

Matnazar akakaa chini, palepale mchangani, mgongo kwenye ukuta wa watu waliokufa zamani. Akavua kofia. Akawa anaizungusha mikononi.

"Uliufanya nini?" Ruhsora akauliza.

"Nini?"

"Huo mkate."

"Niliula. Mkate hautupwi. Niliula mpaka ukakauka nikawa nauchovya kwenye chai. Binti yangu Zulayho akaniuliza, baba, mbona unatafuna polepole, jino linauma? Nikamwambia ndiyo."

Ruhsora akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Alimwonea huruma, na bado alitaka kumpiga.

"Na hukuniuliza mwenyewe. Tunakaa gari moja kutwa, hukuniuliza."

"Mkate ulishasema."

"Mkate! Mimi nina mdomo, Matnazar! Nashinda nawasimulia Wajerumani habari za wafalme, unadhani ningeshindwa kusema ndiyo?"

"Ungesema ndiyo?"

Alimwuliza bila kuinua kichwa. Upepo ukapita juu ya kuta. Ruhsora alikuwa nalo jibu, alikuwa nalo misimu yote hiyo, lakini aliona uchungu kulitoa hapa, mafichoni, kama kitu cha wizi.

"Mama yako ana sababu zake," Matnazar akaendelea. "Mimi ni mtu niliyefiwa na mke. Nina mtoto, nina mama mzee. Yule ni daktari. Njia nzima nimemchunguza huyo bwana nimtafute kosa. Kuendesha gari naendesha, macho yangu yapo kwake. Sijaliona."

"Hata mimi sijaliona," Ruhsora akasema. "Ndiyo maana inaniuma ninachokwenda kumfanyia mama yake."

Akashuka mlima bila kumngoja.

Ndani ya hema palikuwa na ubaridi mzuri, mazulia mekundu na mito. Wenye kambi walileta nyama, tikiti lililokatwa vipande virefu, na mwisho buli la chai ya kijani na vibakuli. Matnazar alikaa karibu na mlango, mahali pa dereva. Mama Hurshida akavisukuma vibakuli mbele ya Ruhsora.

"Leo tutilie wewe, mwanangu. Chai ya mkono wa binti ina utamu wake."

Kila aliyekuwamo hemani alijua huo ulikuwa mtihani. Bahrom alitazama zulia. Mama Hurshida alikaa sawasawa, kifurushi chake mapajani, uso umejaa matumaini, na Ruhsora aliona kwamba mama huyu ameshampenda. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Akatia chai kwenye kibakuli, akairudisha ndani ya buli. Akatia tena, akarudisha, na mara ya tatu, kama wanavyofanya, ili chai ichanganyike vizuri. Kisha akashika kibakuli cha Mama Hurshida, akatia. Ikafika nusu. Akaendelea kutia. Ikafika ukingoni, ikavimba juu, imebakiza tone tu imwagike. Akaweka buli chini. Akampa kibakuli kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

"Karibu, mama. Nisamehe."

Bahrom alicheka. "Ah, mama, unaona? Huyu naye hajui kutia cha..."

"Anajua," Mama Hurshida akasema. "Anajua sana."

Chai ilikuwa ya moto na kibakuli hakina mkono, lakini mama yule alikishika vile vile, akanywa kidogo kidogo mpaka akaipunguza, bila kumwaga tone. Alipokiweka chini vidole vilikuwa vyekundu.

"Yupo mwingine?"

"Yupo."

Macho ya Mama Hurshida yakaenda mlangoni, kwa Matnazar, aliyekuwa amekaa kama mti. Yakarudi. "Nilidhani. Asubuhi nzima ulikuwa unamtafuta yeye, nikajiambia labda wanadaiana. Mama yako anajua?"

"Anajua na hataki. Mke wake alifariki akamwachia mtoto wa kike. Mama anasema hakunizaa mimi nije kulea mtoto wa mwenzangu."

Mama Hurshida akasema bila kugeuka, "Bahrom. Nani alikuzaa wewe?"

"Mama Nigora, Mungu amrehemu."

"Na mama yako nani?"

"Mama, maswali gani haya mbele za watu?" Bahrom akavua miwani. "Si wewe?"

"Nilitaka huyu asikie." Akauvuta mto, akauegemea, ghafla akaonekana mzee. "Nilimkuta ana miaka mitatu. Mwezi mzima hataki hata nimshike mkono. Siku moja akajikwaa, akalia, akakimbilia kwangu mwenyewe. Basi. Tangu hapo sijajua kama sikumzaa."

Ruhsora alilia sasa, waziwazi. Bahrom akamsogezea leso ya karatasi.

"Usijisikie vibaya, dada," akasema. "Sitakudanganya, nilikuwa nimeanza kufurahi. Lakini mimi sijui kutia chai na wewe unaijua hivi, tungeteseka."

Kisha Ruhsora akachukua buli na kibakuli kingine, akaenda navyo mlangoni, akakaa mbele ya Matnazar. Alitia chai polepole, na hii pia akaijaza mpaka juu. Alikuwa bado na hasira ya mkate.

Matnazar alikitazama kibakuli kwa muda. Akakipokea kwa mikono miwili. Akafungua kifuniko cha buli, akairudisha chai nusu nzima ndani, akafunika.

"Hivi inanitosha," akasema. "Mimi siendi popote."

Mama Hurshida akaanza kula tikiti kwa kelele ili wasidhani anasikiliza.

Walivuka daraja la mto Amudarya jua likiwa linalegea, wakafika Khiva wakati wanawake wanafagia mbele ya milango yao. Mama Anabibi, mama yake Ruhsora, alikuwa ameshasimama langoni na gauni lake la mahameli, la sikukuu. Nyuma yake ua ulinukia pilau. Alipoona gari alitabasamu, jino la dhahabu likang'aa, akawaendea wageni mikono imefunguka.

"Karibuni, karibuni! Mmechoka! Ingieni, chai ipo tayari!"

"Hatuingii, dada yangu," Mama Hurshida akasema, akamkumbatia. "Chai tumeshakunywa. Binti yako ametutilia. Ya kujaa."

Tabasamu la Mama Anabibi likabaki mdomoni bila kazi. Akamgeukia Ruhsora. "Umefanya nini wewe?"

"Amefanya la kiungwana," Mama Hurshida akawahi kumjibu. "Hakunizungusha, hakunidanganya. Nimependa. Ningempata ningeringa." Akafungua kifurushi cha hariri, akatoa mikate miwili ya Tashkent, minene ukingoni, katikati imegongwa mihuri mizuri, akampakatisha. "Hii si ya posa tena, ni zawadi tu. Nikirudi nayo mizima majirani watanicheka." Akamshika bega, akamsogelea sikioni, lakini sauti yake haikuwa ya kunong'ona hata kidogo. "Huyu mwanangu uliyemsifia kwenye picha, dada, mimi sikumzaa. Alizaliwa na mwenzangu. Muulize kama ana mama mwingine."

Bahrom aliinama, mkono kifuani, akamuaga kila mtu, na Matnazar mara mbili. Hoteli ilikuwa karibu. Mama na mwana wakaenda kwa miguu, mama akimwambia avae kofia, jioni ina baridi.

Mama Anabibi alibaki na mikate kifuani. Jirani mmoja alikuwa anafagia mahali pamoja tangu gari lifike.

"Mama," Ruhsora akasema. "Mkate wa mwaka juzi uliupeleka wapi?"

Mama Anabibi akamtupia Matnazar jicho. "Mkate gani?"

"Mama."

"Niliurudisha."

"Mzima?"

"Mzima."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Ukasema nimekataa."

"Nilisema hivyo." Mama Anabibi alipandisha sauti, kisha ikamvunjikia katikati. "Ningefanyaje? Baba yako aliponiachia nyumba hii nilibaki na wewe tu. Nilitaka uende mahali utakapokaa, utiliwe chai, siyo mahali pa kuanza na mzigo. Nikajua utalia kidogo utasahau."

"Sikulia, mama, kwa sababu sikujua. Nilikaa miaka miwili nikidhani nampenda mtu asiyenitaka. Kila asubuhi naingia garini kwake, najiuliza nina kasoro gani. Ndicho ulichonipa."

Mama Anabibi akauficha uso nyuma ya mkate.

Matnazar akasogea mbele. Alikuwa amesahau kuzima gari, likawa linanguruma nyuma yake.

"Mama, na mimi nilikosa," akasema. "Niliuamini mkate nikaacha kumuuliza mwenye jibu. Sitaki kurudia. Namuuliza hapa, mbele yako." Akamgeukia, na masikio yalikuwa mekundu mpaka ncha. "Ruhsora. Nina mtoto, nina mama, gari umeshalijua. Unanitaka?"

Ufagio wa jirani ukasimama.

"Nakutaka," Ruhsora akasema. "Nakutaka tangu msimu wa kwanza."

Mama Anabibi alimtazama binti yake, akamtazama Matnazar kuanzia viatu mpaka kichwani, taratibu, kama anavyotazama mama anayemtafutia mwanawe mke. Akaitazama mikate ya watu wa Tashkent, na mtaa walikopotelea mama na mwana wake. Alipumua.

"Mama yako yupo nyumbani?" akauliza.

"Yupo, mama."

"Unga anao?"

"Anao."

"Basi mwambie akande mwingine." Akageuka kuingia ndani, halafu akasimama mlangoni, mgongo kwao. "Na apunguze ufuta. Ule wa kwanza ulizidi ufuta."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Ruhsora aliogopa kumtazama Matnazar, kisha akamtazama. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaanza kubana.